Mzigo wa Kifungua Mimba

Karibu na mwaka 1960, wafugaji wa njiwa wa mashindano nchini Uingereza walipeleka malalamiko serikalini. Walidai kwamba kozi wamezidi, na kwamba wanawamaliza njiwa wao angani kabla hawajafika nyumbani. Walitaka sheria inayomlinda ndege huyo ilegezwe. Kabla ya kuamua, serikali ilitaka kujua kozi wenyewe ni wangapi, na mwanabiolojia Derek Ratcliffe akapewa jukumu la kuratibu hesabu. Mwaka 1961 na 1962 wajuzi wa ndege walizunguka majabali mengi yanayojulikana kuwa na viota. Walirudi na habari ambayo hakuna aliyeitarajia: kozi walikuwa wanakwisha. Kusini mwa nchi viota karibu vyote vilikuwa vitupu. Ilipofika mwaka 1963, idadi yao ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Sehemu ya maangamizi hayo ilieleweka upesi. Wakulima walikuwa wakipanda nafaka iliyopakwa aldrini na dieldrini ili wadudu wasiiguse. Njiwa walizifukua mbegu hizo wakala, kozi wakawala njiwa, na wote wakafa. Mizoga ilionekana mashambani. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Ratcliffe alikuwa ameligundua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ambalo halikuwa na mzoga wowote. Majike ya kozi yalikuwa hai, yana afya, yametaga na yamelalia, lakini mayai yalikuwa yakivunjika chini yao. Wakati mwingine jike mwenyewe alionekana akila yai lake lililopasuka.

Sura hii inahusu hasara ya aina hiyo. Sumu iuayo huacha ushahidi, nasi tumezoea kuipima kwa kuhesabu waliokufa. Sumu inayoharibu uzazi wa jike humwacha anatembea, anakula, hata anapandwa au kutaga kama kawaida. Pengo huonekana baadaye, pale kizazi kinachofuata kinapokosekana.

Ushahidi uliokuwa kwenye makabati

Zamani Waingereza wengi walikuwa na mapenzi makubwa ya kukusanya mayai ya ndege. Mkusanyaji alipanda jabali, akalichukua yai, akalitoboa tundu dogo, akaondoa ute na kiini, kisha akalilaza ganda kwenye droo pamoja na karatasi inayoonyesha mahali na tarehe. Mazoea hayo yaliwaumiza ndege, lakini yaliacha kumbukumbu ya miongo mingi. Ratcliffe akaenda kuyafungua makabati hayo.

Hakuweza kupima unene wa ganda bila kuliharibu, kwa hiyo akatumia hesabu rahisi. Alilipima kila ganda uzito, akapima urefu na upana wake, kisha akagawanya uzito kwa urefu uliozidishwa na upana. Ganda lililo zito kwa ukubwa wake ni nene. Lililo jepesi ni jembamba. Mayai ya miongo ya kabla ya vita hayakutofautiana sana. Alipofika kwenye mayai ya mwaka 1947, kipimo kikashuka ghafla, na katika miaka iliyofuata kikabaki chini. Maganda ya kozi yalikuwa yamepungua uzito kwa karibu moja ya tano. Alichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature mwaka 1967, na mwaka uliofuata wanasayansi Joseph Hickey na Daniel Anderson wakaonyesha kwamba ndege kadhaa walao nyama nchini Marekani walikuwa wamepatwa na jambo hilohilo.

Tarehe yenyewe ilikuwa ni dalili. DDT ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1874, lakini uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Mswisi Paul Müller mwaka 1939. Wakati wa vita iliwakinga askari na raia dhidi ya chawa na mbu, na mwaka 1948 Müller akapewa Tuzo ya Nobel. Vita vilipokwisha, dawa hiyo ikaingia mashambani na majumbani kwa wingi. Ganda la kozi lilianza kuwa jembamba wakati huohuo.

Saa 20 za kutengeneza ganda

Ili kuelewa kilichotokea, tumtazame kuku wa nyumbani. Yai lake huchukua takriban siku nzima kutoka kwenye ovari hadi kutagwa, na karibu saa 20 za safari hiyo hukaa katika sehemu ya mfereji wa uzazi inayotengeneza ganda. Katika saa hizo mwili huhamisha takriban gramu 2 za kalsiamu kutoka kwenye damu na kuzipanga juu ya yai. Damu yenyewe haina akiba kubwa kiasi hicho, hivyo hujazwa na chakula kilichoko tumboni, na usiku hujazwa na akiba ya mifupa. Kabla ya kuanza kutaga, jike hujenga ndani ya mifupa yake, hasa ya miguu, tabaka maalumu la mfupa laini ambalo kazi yake ni kutoa kalsiamu ya maganda. Anayeongoza mpango huo wote ni estrojeni, homoni inayotoka kwenye ovari.

DDT ikiingia mwilini hubadilika kuwa DDE, kemikali inayoyeyuka kwenye mafuta na kudumu humo miaka mingi. Mdudu ana kidogo, ndege mdogo aliyekula wadudu mia ana zaidi, na kozi aliyekula ndege wadogo maisha yake yote amebeba jumla ya wote. DDE inapofika kwenye kiwanda cha ganda huvuruga vimeng'enya vinavyovusha kalsiamu, na hupunguza prostaglandini zinazoratibu kazi hiyo. Damu ya jike inaweza kuwa na kalsiamu ya kutosha kabisa. Kinachoshindikana ni kuivusha hadi kwenye yai. Yai linatoka kwa wakati wake, lina ute na kiini, lakini halihimili uzito wa mama anayelilalia.

Watafiti wa kituo cha Patuxent, Maryland, walithibitisha chanzo hicho mwaka 1969. Waliwalisha bata DDE kidogo kidogo, nao wakataga mayai yenye maganda membamba na nyufa, wakaangua vifaranga wachache. Lakini kuku walipolishwa kemikali hiyo, maganda yao hayakubadilika sana. Spishi moja inaumia, nyingine inavumilia, na kuku, ambaye ndiye ndege aliye karibu zaidi nasi, ni miongoni mwa wale wanaovumilia. Mfugaji ambaye angetumia afya ya kuku wake kupima usalama wa dawa hiyo angejiridhisha kwamba haina neno, wakati tai na kozi wa eneo lake wanapotea.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulionekana kisiwani Anacapa, California. Kiwanda cha Montrose karibu na Los Angeles kilikuwa kikitengeneza DDT tangu mwaka 1947, na taka zake zilipitia kwenye mifereji ya maji machafu ya jiji hadi baharini. Samaki wadogo walizichukua, na mwari wakawala samaki hao. Mwaka 1970 mwari wa Anacapa walijaribu kutaga katika viota 552. Kifaranga aliyepatikana alikuwa mmoja tu. Mwari wazima walikuwapo kwa mamia, wakivua na kurudi viotani kama ilivyo desturi yao, na mtu aliyepita kwa mashua angeamini kisiwa kimestawi. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya jumla ya DDT mwaka 1972. Mwari wakaanza kurejea taratibu, na mwaka 2009 wakaondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini nchini humo.

Ovari zenye kasoro

Ganda ni hatua ya mwisho ya safari ya yai. Madhara mengine huanzia kwenye ovari yenyewe, na ziwa Apopka la Florida ndilo lililowafundisha wanasayansi hivyo. Mwaka 1980 kemikali zilimwagika kutoka kwenye kiwanda kimoja kando ya ziwa hilo, zikiwa na kiuatilifu cha dikofoli kilichochanganyika na DDT. Katika miaka iliyofuata idadi ya mamba wachanga wa Marekani, aligeta, ilianguka vibaya, na mayai mengi yaliyokusanywa viotani hayakuanguliwa.

Louis Guillette wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walichukua mayai ya Apopka na ya ziwa Woodruff, ambalo lilikuwa safi zaidi, wakawalea wanaoanguliwa katika mazingira yaleyale. Walipofikisha miezi 6, majike ya Apopka yalikuwa na estradioli, aina ya estrojeni, katika damu karibu mara mbili ya yale ya Woodruff. Chini ya hadubini ovari zao zilikuwa na kasoro ambazo hazikupaswa kuwapo. Kwa kawaida kila kifuko cha ovari hulea yai moja. Humo walikuta vifuko vyenye mayai mengi, na mayai yenye viini vya seli zaidi ya kimoja. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1994, yaliwakumbusha watafiti panya waliopewa estrojeni ya kutengenezwa wakiwa wachanga, kwani nao huwa na vifuko vya namna hiyo.

Mamba hao wadogo hawakuwahi kugusa maji ya Apopka. Kila walichokuwa nacho walikipata ndani ya yai, kutoka kwa mama. Viuatilifu kadhaa vya kundi la DDT hujifanya estrojeni mwilini au huingilia kazi ya homoni nyingine. Kiumbe mzima akikutana na ishara hiyo ya uongo, mwili wake huweza kurekebisha kiasi fulani. Kiumbe ambaye viungo vyake vya uzazi ndiyo kwanza vinajengwa huijenga ishara hiyo ndani ya umbo lake, na kosa hilo hubaki naye hadi utu uzima.

Kwa mamalia wa kike jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu akiba ya mayai yake hutengenezwa kabla hajazaliwa. Ng'ombe mwenye mimba ya ndama jike amebeba vizazi vitatu: yeye mwenyewe, mwanawe, na mbegu za wajukuu zilizomo ndani ya ovari za mwana. Kinachomfikia ng'ombe huyo malishoni leo kinaweza kuwafikia wote watatu kwa siku moja.

Anayepokea kwanza

Kando ya pwani ya Natal, Afrika Kusini, nyavu huwekwa baharini kuwazuia papa, na pomboo nao hunaswa na kufa humo. Katika miaka ya 1980 mtafiti Vic Cockcroft na wenzake waliyachunguza mafuta ya pomboo hao wakapima DDT, dieldrini na kemikali za viwandani za PCB. Kwa madume, kiwango kilipanda kadiri umri ulivyoongezeka. Kwa majike, kilipanda hadi wakati wa kuzaa, kisha kikaporomoka. Hesabu yao ilionyesha kwamba jike anayezaa kwa mara ya kwanza anaweza kumhamishia mtoto hadi asilimia 80 ya mzigo wake ndani ya wiki 7 tu baada ya kujifungua.

Njia kuu ni maziwa. Maziwa ya pomboo yana mafuta mengi, na mama huyatengeneza kwa kuyeyusha akiba ya mwili wake. Kemikali zilizokuwa zimetulia kwenye akiba hiyo tangu yeye mwenyewe alipokuwa mtoto huachiliwa na kutiririka pamoja na maziwa. Kifungua mimba hupokea malimbikizo ya miaka yote ya usichana wa mama yake, tena katika umri ambao ubongo, kinga na viungo vya uzazi vingali vinaumbika. Wadogo zake hupokea kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa yeye amekwisha kuwapunguzia. Huko Sarasota, Florida, ambako pomboo wamefuatiliwa tangu mwaka 1970, vifungua mimba hufa mara nyingi kuliko wadogo zao. Ugeni wa mama katika malezi una sehemu yake, lakini vipimo vya damu na mafuta vimeonyesha kwamba mzigo wa sumu nao haukwepeki katika maelezo.

Napata uchungu kila ninaposoma takwimu hizo. Unyonyeshaji ndio tendo kuu la mama mamalia kumpa mwana uhai, nasi tumeligeuza kuwa mfereji wa kupitishia mabaki ya dawa zetu. Jike hana namna ya kukataa. Mwili wake hauwezi kutenganisha mafuta na kilichoyeyuka ndani yake.

Dawa mpya, njia mpya

Mkataba wa Stockholm juu ya kemikali sumu zinazodumu ulianza kufanya kazi mwaka 2004, na wengi wa wahusika wa sura hii wamo katika orodha yake: DDT, dieldrini na aldrini, pamoja na viuatilifu vingine kama toksafeni, na baadaye lindeni na endosalfani. DDT imebakizwa kwa ajili ya kupambana na mbu wa malaria pale inapohitajika, na malaria inaua watoto wetu, kwa hiyo ruhusa hiyo ina sababu. Viuatilifu vingi vya sasa huvunjika upesi zaidi na havilundikani kwenye mafuta kwa kiasi kile. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kutolundikana hakumaanishi kutodhuru uzazi.

Chukua atrazini, dawa ya magugu inayotumika katika mahindi na miwa. Yai la mamalia huachiliwa na ovari baada ya ubongo kuiamuru tezi ya pituitari kutoa homoni ya LH kwa mkupuo mmoja mkubwa. Katika majaribio, panya jike waliopewa atrazini kwa dozi kubwa walikosa mkupuo huo au wakaupata ukiwa dhaifu. Ovari zilikuwapo na mayai yalikuwapo. Amri ndiyo haikufika. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu atrazini mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa kwa sababu ilikuwa ikipenya hadi kwenye maji ya ardhini.

Au chukua imidaklopridi, inayoua wadudu kwa kushambulia mishipa yao ya fahamu. Mwaka 2012 watafiti wa Stirling, Uskoti, waliyalisha makundi ya nyuki wanene wenye manyoya, wa jenasi ya Bombus, chavua na maji ya sukari yenye kiasi kidogo cha dawa hiyo, sawa na kinachoweza kukutwa kwenye maua ya mashamba. Makundi hayo hayakufa. Yalizaa malkia wapya pungufu kwa asilimia 85 kuliko makundi yasiyolishwa dawa. Kwa nyuki hao, malkia wapya peke yao ndio wanaovuka majira ya baridi na kuanzisha makundi ya mwaka unaofuata. Asiyezaa malkia amefika mwisho wa ukoo. Mwaka 2017 watafiti wengine waliripoti kuwa malkia waliopewa thiamethoksamu, dawa ya jamii hiyohiyo, walipungukiwa kwa asilimia 26 katika uwezekano wa kutaga na kuanzisha kundi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku dawa hizo mbili pamoja na ndugu yao klothianidini kutumika nje ya vibanda vya kilimo vilivyofungwa. Kwetu Afrika Mashariki imidaklopridi bado iko madukani, na nyuki wanaotembelea alizeti, kahawa na matikiti yetu nao wana malkia wao.

Kwenye majosho na maghala yetu

Bara letu lina kurasa zake katika historia hii. Ng'ombe wa Afrika Mashariki waliogeshwa kwa miaka mingi katika majosho ya toksafeni ili kuua kupe. Kando ya ziwa Kariba, ambako Zimbabwe ilinyunyizia DDT dhidi ya mbung'o, watafiti waliyakuta mabaki ya DDT kwenye mayai ya furukombe, pamoja na maganda yaliyopungua unene. Nchini Kenya, tafiti za miaka ya 1980 zilikuta mabaki hayo kwenye mayai ya kuku. Na huko Vikuge, Kibaha, nchini Tanzania, kwenye shamba la serikali la kuzalisha malisho, kulihifadhiwa shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada mwaka 1986, sehemu yake ikiwa imekwisha muda. Ghala lilichakaa, dawa zikaingia ardhini, na hata baada ya shehena kuondolewa watafiti walikuta udongo na maji ya hapo yamejaa DDT na wenzake. Ardhi iliyokusudiwa kulisha mifugo ndiyo iliyonyweshwa sumu hiyo.

Mfugaji anayesoma haya atataka kujua afanye nini. Kwanza asikimbilie kuilaumu dawa kila mimba inapotoka. Brusela, ndigana kali na lishe duni hutupa mimba za ng'ombe wengi mno, na daktari wa mifugo ndiye wa kuyapima hayo. Lakini ili lolote lijulikane, lazima kuwe na kumbukumbu. Daftari la zizi linalotaja tarehe ya joto, ya kupandwa, ya kuzaa, na tarehe na jina la kila dawa iliyotumika zizini au katika shamba la jirani, lina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ratcliffe alipata jibu lake kwa sababu watu walioishi kabla yake waliandika tarehe kwenye vikaratasi.

Yako pia mambo ambayo hayahitaji kusubiri utafiti. Dawa ya josho ichanganywe kwa kipimo cha kwenye kibandiko, kwani kuongeza "ili ikolee" ni kumwongezea mzigo ng'ombe mwenye mimba. Mabua na majani kutoka shamba lililopulizwa yasiletwe zizini kabla siku za kusubiri hazijaisha. Bomba la kupulizia lisioshewe kwenye bwawa wanakonyweshea mifugo. Mkulima apulize jioni, nyuki wakiwa wamerudi mizingani, na asipulize mimea iliyo kwenye maua. Chombo kilichokwisha dawa kitobolewe ili asije mtu akakitumia kuchotea maji.

Wenye wajibu mkubwa zaidi ni wanaotoa vibali. Kabla ya dawa kusajiliwa, watengenezaji hutakiwa kuonyesha majaribio ya uzazi, yakiwamo ya panya wanaofuatiliwa kwa vizazi viwili. Majaribio hayo ni ya lazima, lakini bata wa Patuxent na kuku wametuonyesha kwamba mnyama mmoja hawezi kuwajibia wote. Mamlaka zetu zina haki ya kudai kuona matokeo hayo yenyewe, kuuliza ni spishi gani zilizopimwa na kwa dozi gani, na kisha kufuatilia furukombe wa maziwa yetu, ng'ombe wa maeneo ya kilimo kikubwa na mizinga ya wafuga nyuki baada ya dawa kuanza kutumika. Kozi wa Uingereza na mwari wa California waliokolewa na watu waliohesabu vifaranga na kupima maganda mwaka hadi mwaka, kisha wakaipelekea serikali tarakimu ambazo haikuweza kuzikana. Kazi hiyo inahitaji mizani, rula, daftari na mishahara ya watu wachache wenye subira. Nchi inayoweza kununua tani za viuatilifu kila msimu inaweza kuigharamia.